Saa au tukio: cron, triga na foleni kwenye mfumo wa ghala la mahindi

Mama mmoja mwenye ghala pale Kibaigwa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, aliniagiza kazi mbili kwa pumzi moja. "Kijana wangu, mkulima akishapimiwa mahindi yake apate meseji hapo hapo, kabla hajatoka getini. Na mimi kila asubuhi saa moja nikute ripoti ya jana kwenye simu." Nikaitikia, "Sawa mama," nikidhani ni kitu kimoja: skripti mbili zijiendeshe zenyewe, basi. Ilinichukua karibu msimu mzima kuelewa kwamba kazi hizo ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Ripoti huendeshwa na saa. Ghala liwe limejaa au tupu, ikifika saa moja inatakiwa itoke. Meseji ya mkulima huendeshwa na tukio, yaani rekodi mpya kuingia kwenye kanzidata. Siku mvua imekata barabara za vijijini na hakuna aliyeleta mzigo, hakuna cha kutuma. Ukikosea kuzipanga, utaifanya kazi ya saa isubiri tukio lisilokuja, au kazi ya tukio isubiri saa wakati mtu kasimama juani.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote, uchaguzi wangu ni huu. Kazi isiyo na mtu anayeisubiri, iachie cron (programu ya Linux inayoendesha amri saa yake ikifika), au taima ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) ikiwa mashine yako iko mahali umeme unapokatika. Kazi ya kulinda rekodi zenyewe, kama kujua nani kabadilisha kilo, iachie triga ya kanzidata, yaani maagizo yanayojiendesha rekodi inapoguswa. Kazi inayotoka nje ya kanzidata kwa sababu ya rekodi mpya, yaani meseji, barua pepe au malipo, triga isiifanye kwa mkono wake. Iandike tu kwenye foleni, yaani jedwali la kazi zinazosubiri, skripti nyingine ije kuichukua.

Cron haijui saa za Kiswahili

Cron ni mzee. Imekuwapo kwenye Unix tangu miaka ya 1970, na ile inayokuja na Linux nyingi ni uzao wa toleo aliloandika Paul Vixie mwaka 1987. Unaandika `crontab -e`, unaweka nafasi tano (dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki), kisha amri unayotaka. Mstari mmoja, kazi imeisha. Hatua yake ndogo kabisa ni dakika moja.

Mtego wa kwanza kwetu sisi uko kwenye saa. Mama aliposema saa moja asubuhi, mimi kwa kichwa cha usingizi niliandika `0 1 * * *`. Kwa cron hiyo ni saa saba usiku. Juu ya hapo, seva niliyokodi ilikuwa inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukijumlisha makosa mawili, ripoti ikawa inaingia kwenye simu yake saa kumi alfajiri. Siku ya tatu akanipigia muda huo huo, nadhani kwa makusudi, akaniuliza kama na mimi nimeamka.

Hesabu sahihi: saa moja asubuhi ni 7:00, na kwenye seva ya UTC ni `0 4 * * *`. Lakini usiishie kugeuza namba kichwani, kwa sababu kuna kosa la pili lililojificha. Nilikuwa na skripti nyingine ya kufunga hesabu saa nane usiku. Kwa UTC saa hiyo ni 23:00 ya siku iliyotangulia, kwa hiyo skripti ilipouliza kanzidata "jana ilikuwa tarehe ngapi", ilijibiwa juzi. Ripoti zikatoka nzuri kabisa, jumla zimepangwa vizuri, za siku nyingine. Tangu hapo kila seva mpya naiwekea kanda ya saa ya `Africa/Dar_es_Salaam` kabla ya kitu kingine chochote (makao makuu yamehamia huku, lakini orodha ya kanda za saa haina Dodoma), naiwasha cron upya, halafu nakagua saa ya kanzidata peke yake kwa sababu inaweza kuwa na mpangilio wake. Nafuu yetu ni kwamba Tanzania hatusogezi saa kwa majira, kwa hiyo kazi kurukwa au kujirudia usiku wa kubadilisha saa, jambo linalowasumbua wenzetu wa Ulaya, halituhusu.

Mtego wa pili: skripti inafanya kazi ukiiendesha mwenyewe, ukiiweka kwenye cron inakufa kimya. Mara nyingi ni njia za programu. Cron haisomi mipangilio yako ya kawaida, huanza na orodha fupi kama `/usr/bin:/bin`. Andika njia kamili ya kila programu. Pia alama ya `%` ndani ya crontab inageuzwa kuwa mstari mpya, kwa hiyo jina la faili la bakapu lenye `date +%F` linavunjika katikati; andika `\%F`. Na matokeo yote yaelekeze kwenye faili la logi, maana la sivyo yatatumwa kwenye sanduku la barua la ndani ya seva ambalo hakuna anayelifungua, au yatapotea kabisa.

Jambo la mwisho kwa cron ni kukanyagana. Ukiipanga kila dakika na siku moja kazi ikachukua dakika nne, zitakuwa zinaendeshwa nakala nne kwa pamoja, kila moja ikichukua rekodi zile zile. Tanguliza `flock -n` mbele ya amri yako na nakala ya pili itageuka mlangoni.

Umeme ukikatika

Kompyuta ya ofisini pale ghalani ilikuwa na bakapu ya saa nane usiku. Umeme ukikatika saa saba na nusu na kurudi alfajiri, cron haikumbuki chochote. Saa nane imepita, imepita. Itasubiri saa nane ya kesho. Ikitokea mara tatu ndani ya wiki moja, una bakapu nne kwa siku saba na hakuna aliyekuambia.

Hapo ndipo taima za systemd zinaposhinda waziwazi. Unaweka `Persistent=true` pamoja na `OnCalendar`, na mashine ikiwaka inaona kuna zamu iliyopita bila kufanyika, inaifanya. Haianzishi nakala ya pili kama ya kwanza bado inaendelea, kwa hiyo habari ya `flock` inaisha. Logi zinasomeka kwa `journalctl` bila kuhangaika. Na amri ninayoipenda kuliko zote, `systemctl list-timers`, inakuonyesha kila kazi iliendeshwa lini na itaendeshwa lini tena. Cron haina kitu cha namna hiyo.

Gharama yake ni uandishi. Kazi moja inadai mafaili mawili, la huduma na la taima, na ukisahau kuiwezesha taima utakaa unasubiri. Pia haiahidi sekunde kamili: isipoambiwa vinginevyo, inajipa nafasi ya hadi dakika moja kuchelewa. Kwa bakapu si neno. Kwa seva iliyokodiwa kwenye kituo cha data chenye umeme wa uhakika mimi bado naandika cron, kwa uvivu tu. Kwa mashine iliyoko ofisini Kibaigwa, Mpwapwa au Manyoni, taima.

Mwenye Windows anayo Task Scheduler, na ndani yake kuna kisanduku cha kuruhusu kazi iliyopitwa ianze mara mashine inapowaka. Kitie alama. Wengi hawakioni.

Saa iliyo ndani ya kanzidata

Programu za kanzidata za MySQL na MariaDB zina ratiba zao zinazoitwa matukio, yaani `CREATE EVENT`, na mwenzao PostgreSQL ina kiongezi cha pg_cron. Jina la "matukio" linapotosha. Ni saa tu, iliyohamia ndani. Uzuri wake ni kwamba huhitaji mtumiaji wa Linux wala nenosiri kwenye faili. Kufuta rekodi za kikao zilizozeeka, kujumlisha kilo za mwezi kwenye jedwali la muhtasari, kazi kama hizo zinakaa vizuri huko.

Lakini zinajua SQL, lugha ya kanzidata, peke yake. Hazitumi meseji, hazitengenezi faili la PDF. Kwenye MySQL 8.0 ratiba hii inakuja imewashwa, kwenye MariaDB inakuja imezimwa, na mtu anayehama kutoka moja kwenda nyingine anaweza kukaa mwezi akishangaa. Nayo pg_cron huhesabu kwa GMT mpaka uiambie vinginevyo, kwa hiyo tumerudi kwenye saa kumi alfajiri.

Kuna moja iliyoniuma zaidi. Nilihamisha mfumo kwenda seva mpya kwa `mysqldump`, amri ya kunakili kanzidata kwenye faili. Triga zilisafiri, kwa kuwa amri hiyo huzibeba bila kuambiwa. Matukio hayakusafiri, lazima uongeze `--events`. Crontab nayo haikusafiri, maana si sehemu ya kanzidata. Mfumo ukafunguka, makarani wakaingia, kila kitu kikaonekana sawa, na usiku hakuna kilichofanyika.

Triga: mlinzi mzuri, mpeleka barua mbaya

Triga ni maagizo yanayokaa juu ya jedwali: rekodi ikiingia, ikibadilishwa au ikifutwa, fanya hivi. Haina kuchelewa wala haisahau. Haijali pia mabadiliko yametoka wapi.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niiheshimu. Kuna msimu kilo za mkulima mmoja zilipungua kwenye mfumo baada ya risiti kutoka. Programu yetu haikuruhusu karani kubadilisha uzito uliokwishafungwa, lakini kulikuwa na mtu mwenye nenosiri la kanzidata, akaingia moja kwa moja na kuandika namba nyingine. Kwenye msimbo wa programu hakukuwa na alama yoyote. Baada ya pale niliweka triga kwenye jedwali la mizani: kila badiliko huandika thamani ya zamani, mpya, wakati na jina la aliyeunganishwa. Mistari kumi hivi. Kwa kazi ya namna hii cron haifai hata kidogo, kwa sababu ikija baada ya dakika moja inakuta namba mpya tu. Ya zamani imekwishakwenda.

Kosa langu lilikuwa kuipa triga kazi ya pili. Nilifikiri, kama inajua rekodi imeingia, na itume meseji yenyewe. Kuna viongezi vinavyoiwezesha kanzidata kuita programu ya nje, nikakitumia kimoja. Siku mbili za kwanza ilipendeza. Siku ya tatu mtandao wa mtoa huduma wa meseji ukawa mzito, na kila aliyepimiwa akawa anamsubirisha karani, kwa sababu triga inaendeshwa ndani ya muamala ule ule wa kuingiza rekodi (muamala ni kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kutenguliwa kwa pamoja). Rekodi haikamiliki mpaka triga imalize. Mafuso yakapanga foleni hadi barabarani. Baadaye intaneti ikakatika kabisa, triga ikashindwa, na ikishindwa rekodi yenyewe nayo inakataliwa. Karani akafunga kompyuta, akatoa daftari.

Kulikuwa na ubaya mwingine niliougundua baadaye, kimya kimya. Muamala ukitenguliwa katikati, kanzidata inarudisha kila kitu nyuma isipokuwa meseji, ile imeshafika. Mkulima ana meseji ya magunia tisa, mfumo hauna rekodi yake. Nenda kamweleze.

Mapungufu mengine nayapitia haraka. Kwenye MySQL triga huitwa kwa kila rekodi, kwa hiyo ukiingiza rekodi 40,000 za msimu uliopita kutoka Excel, inaitwa mara 40,000. PostgreSQL inakuruhusu kuiita mara moja kwa amri nzima. `TRUNCATE` (amri ya kufuta rekodi zote za jedwali kwa mkupuo) kwenye MySQL haiamshi triga ya kufuta, na rekodi zinazofutwa kwa kuburuzwa na ufunguo wa kigeni, yaani kolamu inayoziunganisha na jedwali jingine, nazo haziiamshi. Na triga haionekani. Mwandishi mpya wa programu atakayekuja baada yako atasoma msimbo wote na hatajua kwa nini kuna jedwali linalojijaza.

Foleni

Suluhisho nililobaki nalo ni la kuchanganya. Rekodi ya mizani inapoingia, rekodi nyingine fupi inaingia kwenye jedwali la `foleni_sms` ndani ya muamala ule ule: namba ya upimaji, hali, idadi ya majaribio. Muamala ukithibitishwa, zote mbili zipo. Ukitenguliwa, zote zimetoweka. Hakuna meseji hewa. Kisha skripti ya pembeni inachukua zilizo na hali ya "bado", inatuma, inaandika "imetumwa". Intaneti ikikatika, foleni inarefuka tu na mizani inaendelea kupima.

Nani aandike kwenye foleni, triga au programu? Kama mlango wa kuingiza rekodi ni mmoja, iandike kwenye programu, mahali kila mtu anapoona. Kama kuna programu ya simu, tovuti, na mtu anayeingiza Excel kila Ijumaa, tumia triga.

Na nani aichukue? Hapa watu wengi hukimbilia vitu vikubwa. Mimi nilianza na cron ya kila dakika na sijaiacha. Ni mara 1,440 kwa siku, nyingi zikikuta foleni tupu, lakini kama kolamu ya hali ina indeksi (orodha ya kutafutia haraka), kila ukaguzi ni wa kufumba na kufumbua. Mkulima anasubiri sekunde 60 kwa ubaya wake. Muda huo makuli hawajamaliza hata kushusha na kubishana kuhusu lumbesa.

Dakika moja ikiwa nyingi, PostgreSQL ina `LISTEN` na `NOTIFY`: triga inapiga kengele, skripti iliyo macho inasikia mara tu muamala unapothibitishwa. Ujumbe wake lazima uwe chini ya baiti 8,000, hivyo peleka namba ya rekodi tu. Ila kengele ikilia na skripti imezimika, imepotea, haihifadhiwi. Kwa hiyo bado unahitaji jedwali la foleni nyuma yake. Ukiwa na skripti zaidi ya moja zinazochukua kazi, tumia `FOR UPDATE SKIP LOCKED` (PostgreSQL tangu 9.5, MySQL tangu 8.0, MariaDB tangu 10.6) ili kila moja iruke rekodi ambayo mwenzake ameishika.

Kuna njia ya mkato ambayo nawaonya vijana wanaoanza: kuacha foleni na kuiambia cron ichukue "rekodi zote zilizobadilika tangu mara ya mwisho" kwa kuangalia kolamu ya muda. Inafanya kazi mpaka siku muamala mmoja unapoanza saa 4:00:58 na kuthibitishwa saa 4:01:03. Muda wake umeandikwa wa mwanzo, skripti ilipita saa 4:01:00 bila kuuona, na ikirudi inatazama kuanzia 4:01:00 kwenda mbele. Rekodi imerukwa moja kwa moja. Zilizofutwa nazo huwezi kuziona, maana hazipo.

Meseji mbili kwa mkulima mmoja zitatokea siku skripti itakapokufa kati ya kutuma na kuandika "imetumwa". Kwa meseji naivumilia. Kwa malipo kamwe: hapo kila malipo yapewe namba ya kumbukumbu isiyobadilika, ili upande wa pili ukatae marudio.

Nikiviweka ubavu kwa ubavu kwa ghala lile:

| | Cron | Taima ya systemd | Tukio la MySQL, pg_cron | Triga |
|---|---|---|---|---|
| Huanza | kwa saa, dakika ndiyo hatua ndogo | kwa saa | kwa saa | rekodi inapoguswa |
| Zamu iliyopitwa umeme ukikatika | imepotea | hufanyika mashine ikiwaka | usiitegemee | hakuna zamu |
| Kutuma meseji | ndiyo | ndiyo | hapana | isiguse |
| Ikishindwa | kimya | iko kwenye logi | rahisi kuikosa | rekodi inakataliwa |

Mstari wa mwisho ndio ulionipa kazi kuliko yote. Triga ikishindwa, karani anapiga kelele papo hapo. Cron ikishindwa, hakuna anayejua, kwa kuwa ukimya wake wa kushindwa unafanana na ukimya wa siku isiyo na mzigo. Kwa hiyo niliibadilisha ripoti ya asubuhi itoke kila siku bila kujali kuna kitu au hakuna. Jumapili ghala likiwa limefungwa, mama anapata meseji ya kilo 0 Jumatatu saa moja. Mwanzoni alilalamika kwamba namchosha na sifuri. Siku hizi ikifika saa moja na dakika tano hajaiona, ananipigia.